Kwa Nini Kaka Msengi Anarudi Nyumbani

Kilimatinde,
Jumapili, baada ya ibada

Baba yangu, shikamoo. Mama, shikamoo. Mimi huku nimeamka, nimekula, na mwili haunidai kitu. Nataka kujua magoti yako baba yakoje tangu baridi ianze, na kama mama bado anakohoa asubuhi. Tena nataka kujua mtama umejaza vihenge au ndege wamekula. Dereva wa lori aliyepita juzi alisema huko kwetu Iguguno watu wanapura, lakini dereva anasema anachokiona barabarani tu, ndani ya nyumba za watu hafiki.

Raheli mdogo wangu, wewe ndiye utakayesoma. Soma polepole na usiruke mahali, hata ukiona watu wanakuangalia. Mkono wangu mzito, unajua niliishia darasa la pili, na herufi nyingine nilizijulia vitani kwenye mapipa ya mafuta. Ukikwama, rudi nyuma kidogo halafu uendelee.

Baba, anayekuletea karatasi hii ni kaka Msengi mwenyewe. Anarudi bila kazi. Ile nafasi ya zimamoto ya Singida mjini, uliyoniambia nimshike mkono aipate, hakuipata. Aliyemnyima ni mimi. Naandika ili usikie kwangu jinsi ilivyokuwa, halafu uamue, kwa sababu kuna jambo moja nitakuomba mwishoni na mwingine hawezi kulitoa ila wewe.

Kazi yangu ulishasikia, lakini sijakueleza vizuri. Baada ya maduka ya kule stesheni ya Manyoni kuungua, Boma walitaka watu wanaojua kuzima moto, wawekwe huko stesheni na wengine Singida mjini. Wakatafuta askari aliyekuwa zimamoto katika kiwanja cha ndege wakati wa vita. Wakanipata mimi nafagia banda la pampu. Bwana anayetusimamia, Mzungu mmoja watu wanamwita Bwana Mrefu, aliniuliza, "Wewe najua kazi hii?" Nikasema najua. Akasema, "Basi fundisha." Hivyo tu ndivyo nilivyokuwa mwalimu. Ninafundisha kuruta kumi na wanne, wengi wamenizidi umri.

Shida yangu unaijua. Sina sauti. Siku ya kwanza nilisimama mbele yao nikasema, "Shikeni mpira wa maji," na aliyesikia ni yule aliyekuwa karibu yangu peke yake. Bwana Mrefu alikuwa amekaa kwenye kivuli cha banda, akacheka. Akasema, "Yona, mwalimu hapana sauti, iko faida gani?" Kesho yake akaniletea filimbi. Hiyo ndiyo iliniokoa. Nikapanga: mlio mmoja, fungua maji. Milio miwili, funga. Milio mitatu, kila mtu atoke, hata kama ameshika dhahabu, hata kama haoni sababu. Anatoka kwanza, anauliza akiwa nje. Nikawa sisemi sana, wao wakazoea, na kazi ikaenda.

Tunafanyia mazoezi kwenye tembe la zamani lililohamwa, karibu na ukingo wa mlima, kule upepo unakotokea bondeni. Maji ni ya shida hapa, wanawake wanateka kisima mbali, kwa hiyo pampu tunaijaza mara moja kwa siku na siku nyingine tunazima kwa mchanga na matawi. Nawafundisha kutambaa chini ya moshi kama sisi tunavyoinama kwenye mizinga ya nyuki. Halafu nawafundisha tembe lenyewe. Kule nilikojifunza walituonyesha mabanda ya mabati na ndege tu, tembe hawalijui. Hili nimelijua kwa macho yangu. Nyumba ya nyasi ikiungua inakwambia, unaona moto, unakimbia. Tembe linanyamaza. Juu ni udongo, hauungui, na chini miti inaliwa polepole. Halafu udongo wote unashuka kwa mara moja. Ninachowaambia waangalie ni vumbi. Ukiona vumbi linachuruzika kati ya fito kama unga kwenye chekeche, hapo muda umekwisha. Usiangalie moto, angalia vumbi.

Mle ndani tunaweka gunia la mchanga badala ya mtu aliyezimia, wanaingia wawili wanalivuta nje. Siku ya kwanza mmoja akalibandika jina akaliita Mama Mkwe. Yupo kijana wa Kigogo hapa anaitwa Ndahani, anadai ni mtani wetu sisi Wanyiramba, mdomo wake haupumziki. Akagoma mlangoni. "Mwalimu, huyo simgusi. Huyo ni mkwe. Nimkumbatie nimtoe, kesho baba mkwe ataniuliza nini?" Watu wakacheka mpaka pampu ikaachwa peke yake. Ikabidi gunia tulibadilishe jina tuliite Bibi. Hapo akaingia, akatoka nalo amelibeba begani, anasema, "Bibi, umenenepa."

Ndivyo kulivyokuwa kabla kaka hajaja.

Kaka Msengi alipofika na salamu zako, nilifurahi, sikudanganyi. Ametoka kwenye mashamba ya mkonge na kifua chake kile kipana, ana mke na watoto wawili, na hiyo nafasi ya Singida mjini ni ya karibu, mtu anatembea siku moja yuko nyumbani. Nilimwandikisha siku hiyo hiyo. Nguvu anazo. Ngazi anaipanda kuliko wote, na mpira wa maji ukijaa anaushika peke yake mahali wengine wanashika wawili.

Lakini baba, mimi ni mdogo wake. Asubuhi ya kwanza kuruta wamepanga mstari, wanangoja nipite niwakague kama ilivyo. Nikapita mpaka nikafika kwake. Miguu ikasimama yenyewe. Nikasema, "Shikamoo kaka." Naye palepale kwenye mstari, kofia ya chuma kichwani, akasema, "Marahaba, Yona. Umelalaje?" Nikamjibu nimelala salama. Huko nyuma nikamsikia Ndahani anasema, "Leo mwalimu kamwamkia kuruta. Kesho mbuzi ataniamkia mimi." Wakacheka. Mimi nikaangalia chini.

Kwa kweli sikujua nifanye nini. Kutomwamkia siwezi. Kumwamkia mbele ya watu kuliwapa wale wengine njia. Hawakuchelewa kuiona. Wakichoka hawanifuati mimi, wanamfuata yeye, naye ananiita kutoka kwenye mstari, "Yona, watu wamechoka jua hili." Nami nasema, "Haya, pumzikeni." Akisema mpira huu tuuhamishie kule, tunauhamishia. Mara nyingi alisema sawa. Hiyo ndiyo ilinifanya nisione mapema.

Jambo lenyewe lilianza wiki ya pili, tunakula ugali chumbani kwangu, sisi wawili tu. Akaniuliza, "Yona, nani alikubeba mgongoni wakati wa mafuriko, ulipokuwa na homa?"

Nikasema, "Ni wewe kaka."

"Na nani alikufundisha kuchunga?"

"Ni wewe."

"Ukichunga, filimbi unampigia nani?"

Akamega tonge, akaendelea taratibu, hakukasirika. "Filimbi ni ya ng'ombe. Ng'ombe wa baba nimewapigia filimbi miaka yangu yote. Leo mdogo wangu ananipigia mimi, na Wagogo wanatazama. Hao wengine wapigie, ndiyo kazi yako. Mimi niite jina. Ukiniita nitakuja."

Nikasema, "Haya kaka."

Baba, kosa langu ni hilo. Mengine yote yametoka hapo. Nilikubali kwamba filimbi ni ya watu kumi na watatu, na wa kumi na nne ataitwa kwa mdomo. Na mdomo wenyewe ni huu wangu.

Kuanzia siku hiyo nikipiga, wote wanakwenda, kaka anasimama, ananitazama, nami nasogea karibu nasema, "Kaka, na wewe tafadhali." Anakwenda. Katika mazoezi haikuleta shida, kwa sababu hatukuwasha moto mkubwa. Ndahani peke yake alisema. Alinifuata kwenye banda nakunja mipira, akasema, "Mwalimu, mimi nina kaka pia. Ukinipigia filimbi, kaka yangu haoni vibaya. Sasa kwa nini kaka yako anapewa barua ya mwaliko?" Nikamwambia akunje mpira. Akakunja.

Siku ya mtihani ilikuwa Jumanne. Bwana Mrefu alikuja na mabwana wawili wa Boma, na watu wa Kilimatinde wakaja kutazama, wanawake na ndoo zao wamesimama. Tuliliwasha tembe chumba cha nyuma kwa kuni kavu. Watu wawili kwenye pampu, wawili wanashika mpira, Ndahani na kaka Msengi ndio wa kuingia kumtoa Bibi. Wengine wanapeleka ndoo.

Nikapiga mlio mmoja, maji yakafunguka. Ndahani akalala chini akatambaa akaingia. Kaka akatazama ule moshi mlangoni, ulikuwa mzito kweli. Akarudi nyuma, akachukua jembe, akapanda juu ya tembe.

Baba, hata wewe ungepanda. Sisi ndivyo tufanyavyo. Paa letu tunaanika mtama juu yake, watoto wanacheza juu yake, na moto ukiingia chumbani mtu anapanda anatoboa ili moshi upate njia, au anaokoa kihenge kwa juu. Nami nilishawakataza hilo tangu siku ya kwanza, nikawaonyesha fito zilivyoungua zikabaki kama mkaa. Lakini mikono inafanya iliyozoea. Watu wakapiga vigelegele walipomwona juu na jembe. Bwana mmoja wa Boma akapiga makofi, alidhani ndivyo nilivyowafundisha.

Mimi nilikuwa naangalia mlango. Nikaona vumbi. Lilianza sehemu moja, halafu likafuata fito nzima, jembamba, linashuka bila kelele.

Nikapiga mitatu.

Wa mpira wakauacha. Wa pampu wakatoka. Ndahani akatoka anamburuta Bibi, anakohoa, macho yamejaa machozi. Wote wakafika kwenye mstari wa mawe kama tulivyopanga. Kaka alisikia pia. Aligeuka akanitazama, halafu akainama akaendelea kulima paa. Hakunidharau, baba. Tulikuwa tumekubaliana. Filimbi ile haikuwa yake.

Nikaita, "Kaka Msengi, naomba ushuke." Upepo ukaichukua. Nikaita tena, "Kaka, tafadhali shuka." Akaweka mkono sikioni, akasema, "Unasemaje?" Filimbi ilikuwa mdomoni na sikuipiga mara ya pili. Nimekaa siku hizi zote najiuliza kwa nini, na jibu silioni jingine ila niliogopa kumpigia kaka yangu filimbi kama ng'ombe mbele ya watu wote wale.

Ndahani alinitazama mimi, akatazama paa. Akakimbia. Akarukia ukuta, akamshika kaka kifundo cha mguu, akamvuta kwa nguvu. Kaka akaanguka upande wa nje kwenye majani, hana hata mkwaruzo wa maana. Paa likashuka lote. Ndahani hakuwahi kuondoa mguu. Nguzo ikamlalia kwenye muundi, tukaiinua watu sita, kaka Msengi wa kwanza. Mfupa umevunjika.

Yuko hospitali ya misheni hapa hapa, amefungwa mti na bendeji kuanzia gotini. Wanasema atatembea. Kukimbia na mpira wa maji, hawajasema. Nilikwenda kumwona jioni ile. Nikasimama miguuni pa kitanda. Yeye ndiye akaanza. "Mnyiramba, kaa, utaniangukia." Nikakaa. Akasema, "Mimi nilisikia mitatu nikatoka. Nikakuona unaita, naomba, tafadhali. Nikasema, hii adabu leo itaua mtu." Halafu akaomba maji.

Kaka naye amekwenda kila siku. Anampelekea uji asubuhi, anakaa kando ya kitanda, anarudi. Hilo nataka ulijue na shemeji alijue. Si mtu mbaya aliyefanya haya.

Bwana Mrefu aliniita siku ya pili. Akauliza nani alivunja amri. Nikasema ni mimi. Akasema, "Hapana. Nataka jina ya kuruta." Nikamweleza yote, kuanzia ule ugali mpaka vumbi. Sijawahi kusema maneno mengi hivyo mbele ya Mzungu. Alinisikiliza mpaka mwisho. Akasema kundi lijalo nikikosea tena nitarudi kwenye ufagio. Halafu akanisukumia karatasi na kalamu. "Wewe mwalimu. Andika jina ya watu nasikia filimbi. Hao tu nakwenda kazi."

Nilikwenda nayo chumbani. Kaka akanikuta nimekaa nayo. Akauliza, "Utaniandika?"

Nikasema, "Kaka, Singida mjini kuna maghala ya ngozi na ya nafaka, na watu wanalala humo. Atakayekuwa mkubwa wa zamu huko ni kijana wa Kinyaturu, mdogo kuliko mimi. Akipiga mitatu, utatoka?"

Akafikiri. Kaka hadanganyi, unamjua. Akasema, "Akiwa mtu baki, labda. Akiwa wewe, sijui."

"Mimi ndiye nitakayekwenda kuwakagua kila mwezi."

"Basi sijui," akasema.

Nikaandika majina kumi na mawili. La Ndahani nimeliandika pia, likawa la kumi na tatu, ingawa yuko kitandani, kwa sababu alisikia akatoka, na aliporudi kwenye moto alirudi kwa kosa langu. La kaka sikuliandika. Alisimama pale nyuma yangu mpaka nilipomaliza. Kusoma hajui, lakini kuhesabu mistari anajua. Akatoka nje. Siku tatu tulikula sahani mbalimbali.

Jana ndiyo tumekaa pamoja. Barua hii nilikuwa nimeshaianza, nikamsomea yote mpaka hapa, kwa sababu yeye ndiye mbebaji na sikutaka abebe kitu asichokijua. Alisema nitoe mahali pawili. Mahali pa kwanza nimepatoa, palikuwa pa kumwaibisha bure. Pa pili, pale pa filimbi na ng'ombe, nimepaacha. Nilimwambia nikipatoa hapo baba hatajua anaombwa nini. Akasema, "Basi acha. Lakini Raheli asome mbele ya baba na mama tu, si mbele ya majirani." Raheli, umesikia. Kaka atakwambia hilo kabla hujaanza kusoma; kama bado kuna mtu mwingine hapo, mwambie atoke.

Sasa baba, ombi langu. Kundi jingine linaanza mtama ukishaingia ndani. Kitabu cha majina ninacho mimi, na mstari mmoja nimeuacha wazi. Kaka anaitaka kazi hii, na mimi namtaka, sijaona mtu anayeishika ngazi kama yeye. Lakini mimi siwezi kumwambia kaka yangu anitii, na yeye hawezi kunitii kwa sababu nimesema mimi. Wewe ndiye uliyetupa ukubwa na udogo. Mwite, mkalishe, mama awepo na baba mdogo awepo. Mwambie kwamba nyumbani Yona ni mdogo wake mpaka wazikane, atamwamkia, atampisha kiti, atamwachia nyama ya mkubwa. Lakini kwenye moto, filimbi ya Yona ni neno lako. Ukisema hivyo atakubali, na mimi nitaweza kupiga. Mimi pia nalihitaji hilo neno, labda kuliko yeye.

Ukiona haifai, mkubwa asiamriwe na mdogo hata kwenye moto, nitaelewa na sitakasirika. Basi abaki hapo, achunge, awe karibu na watoto wake. Akija huku bila neno lako nitampokea kama kaka, nitampa kitanda changu nilale chini, lakini kwenye mstari hatasimama.

Nisalimie baba mdogo, mchonga mizinga, mwambie asali yake ilifika, nusu nimempelekea Ndahani. Nisalimie shangazi, mkunga wetu, aliyenipokea mimi na Msengi wote wawili. Nisalimie shemeji, mke wa Msengi, mwambie mumewe harudi na aibu ya wizi wala ya ulevi. Nisalimie mzee wa kanisa, na jirani yetu fundi wa majembe. Raheli, usiache shule.

Jibu lako baba usihangaike kuliandikisha. Mpe Msengi kwa mdomo. Nitaliona siku ya kwanza, nikipiga.

Ni mimi mwanao, mdogo wake Msengi,
Yona